Sabuni ya Mkebe Mzima

Kutoka Kapsoit hadi Kedowa hakukuwa na mwanamke aliyejua kemia kunishinda. Sawa, shule niliacha darasa la sita, na hilo neno lenyewe nililisikia nikiwa tayari kogo, yaani nyanya. Lakini mwaka wa tisini na sita nilipika sabuni kwangu nyumbani, na vidole vyangu vyote kumi bado viko. Asiyeamini aje ahesabu.

Aliyenifundisha ni Christabel, mke wa karani wa kiwanda cha chai, mama mpole aliyetoka upande wa ziwa. Alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa na pakiti ya kostiki soda, chembe nyeupe ambazo ukiziangalia haraka unafikiri ni chumvi ya ng'ombe. Unaziyeyusha kwa maji, unachanganya na mafuta ya ng'ombe, unamimina, unangoja wiki nne, unaoga.

Lakini masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mama mkwe. Pima kwa mizani, usikadirie kwa macho. Ndoo iwe ya plastiki. Chombo cha aluminiamu usikiguse, kwa sababu soda inakila na kutoa hewa ya kulipuka. Soda ndiyo iingie kwa maji, tena kidogo kidogo. Ikikurukia, maji, maji, maji hadi uchoke, kisha uongeze mengine, na usipake mafuta. Macho uyafunike. Mimi nilivaa miwani ya marehemu mzee wangu. Sikuona kitu, lakini macho yangu yalikuwa salama kabisa.

Sharti kubwa lilikuwa hili: pika kidogo. Hilo nililielewa siku nilipojiona mtaalamu nikaweka soda mara tatu. Ukipika kidogo, ndoo inapata joto kama maji ya kuoga mtoto. Siku ile maji yalianza kutokota bila kuni hata moja. Nilikimbia hadi zizini nikasimama nyuma ya ng'ombe, naye alinishangaa sana. Tangu hapo nilipika kidogo kidogo, na kila mara sabuni ilitoka vizuri.

Mwenyekiti wetu alikuwa Janeffer, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba la chai. Bila kuuliza mtu, aliwaahidi akina mama wa Mulot kwamba wakitutembelea mwezi wa nane, kila mmoja ataondoka na kipande cha sabuni. Wageni wenyewe walikuwa themanini. Nilimwambia hakuna shida, nitapika ndoo moja kila asubuhi, na kufikia siku hiyo zitakuwa zimekauka. Yeye alitaka zote zipikwe mara moja.

"Kogo, ugali ya watu themanini unapika kwa sufuria ngapi?" akaniuliza mbele ya wote. "Si ni moja? Unaongeza tu unga."

"Ugali moto wake uko chini," nikamjibu. "Ukiona mambo mabaya unatoa kuni. Hii moto wake uko ndani. Utatoa nini?"

Akina mama walicheka. Janeffer hakupenda. Akasema kwamba mimi naogopa kwa sababu niliishia darasa la sita, na yeye alifika form two. Nikamwambia aendelee, soda haitamuuliza cheti.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa nachuma chai yangu niliposikia mlio kwa Janeffer, kama gurudumu la trekta limepasuka. Niliacha kikapu pale pale. Magoti yangu hayapendi mlima, lakini siku hiyo hayakuulizwa.

Nyuma ya jikoni povu la kijivu lilikuwa linatiririka kuelekea kwenye mahindi. Mkebe wa maziwa wa aluminiamu, ule mkubwa wa lita hamsini, ulikuwa umelala chini, na mfuniko wake uko juu ya mabati. Nikaelewa mara moja. Alichukua chombo kikubwa kuliko vyote pale nyumbani, na kwa vile amezaliwa kwa maziwa na kuolewa kwa maziwa, mkono wake ukabana mfuniko wenyewe, kuku wasiingize mdomo.

Janeffer alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa kwa leso. Macho, namshukuru Mungu, yalikuwa mazima. Mume wake, Kipkirui, alikuwa ameshika kopo la mafuta ya kupikia, tayari kumpaka.

"Ni chai tu, Kogo," Janeffer akasema haraka. "Chai imenimwagikia. Na huo mkebe ulipigwa teke na ndama."

Kipkirui ndiye aliyepeleka maziwa kila siku kwa mkebe huo, na mke wake alimwogopa kuliko soda. Sikubishana. Nilimnyanyua, nikampeleka kwenye tangi la maji ya mvua, nikatoa leso na kufungulia bomba juu ya ule mkono. Ngozi ilikuwa nyekundu hadi kwenye kiganja, na inateleza. Maji yakapita. Kipkirui alisimama nyuma yetu na kopo lake, akisema kwamba mama yake alikuwa anapaka mafuta kila mtu akiungua chai, na sisi tunamaliza maji bure.

Nilijua asipojua ukweli, nikigeuka tu atampaka, na huo mkono utakwisha. Nikashika bomba kama mtu anayetaka kufunga.

"Kweli, Kipkirui," nikasema. "Kama ni chai, imeshapoa. Mpake."

Mkono wa kushoto wa Janeffer ulinidaka kwa nguvu.

"Usifunge, Kogo. Bado inakula."

Kipkirui akaangalia mkono wa mke wake, akaangalia povu, akaangalia mabati.

"Chai inakula?" akauliza.