Laini ya Gedion

Gedion Kosgei alikuwa dereva wa Kirit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, na mwaka wa 2007 karibu wote alibeba vyuma na saruji za kujengea minara ya simu. Kampuni za simu zilikuwa zinakimbizana kusimamisha minara vilimani, na Gedion, akingoja kushushiwa mzigo, alikaa na mafundi akawauliza maswali mpaka wakamzoea. Akifika nyumbani Subukia alimweleza mkewe Chepchirchir yote aliyoyasikia, kwa fahari, kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Alimwambia kwamba simu haina nguvu ya kufika mbali. Inazungumza na mnara mmoja tu, ule ulio karibu nayo, na mnara ndio unaopeleka sauti kwenye mitambo mikubwa, na mitambo inatafuta mnara ulio karibu na yule unayempigia. Ukiwa njiani, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine na wewe husikii kitu.

"Hata usipompigia mtu," alisema, "simu ikiwaka inajitambulisha yenyewe. Nikiwa Eldoret, kuna mahali imeandikwa niko Eldoret."

Chepchirchir alicheka, akamwambia kwamba basi hana tena pa kujificha.

Nyumba yao ilikuwa bondeni, mahali pasiposhika mtandao. Aliyetaka kupiga simu alipanda hadi kwenye josho la ng'ombe, na asubuhi na jioni ungekuta watu wanne watano wamesimama pale, kila mmoja na kona yake.

Hapo ndipo Chepchirchir alipokuwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita Januari 2008, saa kumi jioni, mtoto mchanga mgongoni. Uchaguzi ulikuwa umepita mwezi mmoja na nchi ilikuwa imechafuka. Gedion alipiga kutoka Salgaa. Alikuwa anatoka Eldoret na lori tupu, akakuta barabara imefungwa, malori yamepangana kandokando ya njia, na watu wanasema Nakuru inaungua. Polisi walikuwa wamewaambia madereva wasisogee. Yeye alionelea alale kwenye lori mpaka kutulie.

Kwa upande wa Subukia pia moshi ulikuwa unaonekana ng'ambo ya pili ya mlima, na mchana kutwa watu walikuwa wakipita na magodoro kichwani. Chepchirchir alikuwa na mtoto wa miezi minne na binti wa miaka minane, Jepkemboi, na hakuna mwanamume nyumbani.

"Njoo," alimwambia. "Acha hilo lori la watu, uje."

Gedion akasema atajaribu. Baada ya hapo sauti ilikatikakatika, ikapotea.

Tangu siku ile kila alipopiga nambari ya mumewe alijibiwa na yule mwanamke wa kampuni, mwenye sauti laini, kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Barabara ilipofunguliwa, Kirit alituma mtu Salgaa. Lori lilikuwa palepale, milango imefungwa, halina hata mkwaruzo. Dereva hakuwepo, wala hakuna aliyemwona akienda.

Mwezi wa Februari Chepchirchir alifuatana na shemeji yake Kipkemei, kaka mkubwa wa Gedion, wakaenda mochari mjini mara tatu. Waliwaona wengi. Kulikuwa na kumi na mmoja waliokuwa wameungua kiasi kwamba hakuna angeweza kusema huyu ni nani wa wapi, na mhudumu akawaambia hao watawekwa mpaka serikali ilete njia ya kuwapima damu na ndugu zao. Waliandikisha jina la Gedion wakaondoka. Kirit alibandika picha ya dereva wake ukutani dukani, nyuma ya mizani ya misumari, pamoja na nambari ya simu ya duka. Kanisani waliombea kurudi kwake kila Jumapili.

Na kila asubuhi, kabla ya kukamua, Chepchirchir alipanda joshoni akapiga. Alijua jibu litakalokuja. Alisema mwenyewe kwamba alikuwa anapiga kwa ajili ya lile neno la mwisho, "kwa sasa", kwa maana hakuna aliyemwambia hapatikani kabisa. Alilolibeba moyoni ni lile "njoo" lake. Hilo hakumwambia mtu, hata Kipkemei.

Ilipofika Oktoba, asubuhi moja ya manyunyu, simu iliita.

Iliita mara nne. Alishikilia nguzo ya josho. Kisha ikapokelewa na mwanamke.

"Haloo?"

Chepchirchir aliuliza Gedion yuko wapi.

Yule mwanamke alisonya. "Huyo Gedion tena."

"Mpe simu."

Nyuma ya yule mwanamke kulikuwa na mwanamume anakohoa, kikohozi cha mtu aliyeamka sasa hivi.

"Gedion amechoka na simu zenu," mwanamke akasema. "Amesema mumwache apumzike." Akakata.

Chepchirchir alipiga tena, simu haikupokelewa. Alishuka nyumbani, akakamua ng'ombe wote wawili, akapeleka maziwa, na hakuna aliyemwona na jambo. Mchana aliazima simu ya jirani, akajifanya mtu wa kampuni ya mizigo mwenye kifurushi cha kuleta, akamuuliza yule mwanamke anapatikana wapi. Mwanamke, bila wasiwasi wowote, akasema anaitwa Gathoni na yuko Salgaa, kwenye loji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta.

Salgaa, pale pale lori lilipoachwa bila mkwaruzo. Kila kitu kilijipanga chenyewe. Mwanamume alikuwa amengoja nchi ivurugike, akafunga milango ya lori la tajiri wake vizuri, akavuka barabara akaingia kwa mwanamke, na kwa miezi tisa mke alikuwa anageuza maiti za watu akimtafuta.

Hakwenda Salgaa. Alisema hatamfuata mwanamume aliyejizika mwenyewe. Lakini alimweleza Kipkemei, na Kipkemei akapiga ile nambari kwa simu yake, akasikia sauti ya mwanamke, akarudisha simu mfukoni taratibu. Wiki haikuisha kabla habari hazijafika kila mahali. Kirit aliondoa picha ukutani. Mchungaji aliacha kulitaja lile jina. Mama yake Gedion alifunga mlango, akawa hapokei wageni. Pale joshoni wanawake walikumbuka kwamba madereva ndivyo walivyo, na mmoja akasema yeye alishajua tangu mwanzo, ila hakutaka kuvunja nyumba ya mtu.

Jepkemboi aliuliza kama ni kweli baba yuko hai. Mama yake alimwambia kwamba yuko hai lakini amewakataa, na kwamba na yeye amsahau. Mtoto aliitikia. Chepchirchir alizitoa nguo za Gedion, akampa mtu mmoja aliyekuwa akilima shamba la jirani kwa kibarua, na jioni akamwona anapita njiani amevaa lile koti la kijivu, akaona ni sawa kabisa.

Katikati ya Novemba chifu aliwaita watu barazani. Baada ya maneno ya mbolea, alisoma barua kutoka mjini. Wale wasiotambulika wa mwezi wa Januari walikuwa karibu kuzikwa na serikali, na kila familia iliyopotelewa ilitakiwa kupeleka ndugu wa damu apimwe kabla ya mwisho wa mwezi. Chifu alisoma majina ya waliojiandikisha. Alipofika kwa Gedion Kosgei alisita, akamtazama Chepchirchir.

Chepchirchir alisimama. "Futa hilo jina," alisema. "Maiti yangu iko Salgaa, inalala kitandani."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa upande wake. Kipkemei alikuwa amekaa safu ya nyuma. Damu iliyotakiwa ilikuwa yake, na nauli alikuwa nayo, lakini aliinamisha kichwa. Chifu alichukua kalamu akafuta.

Mwezi wa Desemba simu ya Chepchirchir ilianguka kwenye ndoo ya maziwa. Alikuwa anaihitaji kwa ajili ya watu wa kiwanda cha maziwa, kwa hiyo alishuka Nakuru, kwenye duka moja la simu, arudishiwe laini yake katika kadi mpya. Aliyemhudumia alikuwa msichana anayeitwa Nasim, mwenye hijabu ya samawati, mpole, aliyeongea huku anabonyeza kompyuta. Nasim alimwambia amefanya vizuri kuja mapema.

"Kwa nini?" Chepchirchir aliuliza, kwa ajili ya kuuliza tu.

"Laini ikikaa miezi mingi bila kutumika, mama, inaondolewa. Nambari zinakuwa chache. Inakaa kidogo, halafu inauzwa kwa mtu mwingine."

"Nambari ile ile?"

"Ile ile. Mtu mpya hata hajui ilikuwa ya nani."

Nasim alisimulia baadaye kwamba alidhani yule mama ameugua. Alimletea kiti na maji. Chepchirchir hakunywa. Alitaja nambari ya Gedion tarakimu kwa tarakimu, akamwomba aangalie. Nasim alimweleza kwamba hairuhusiwi, habari za laini ya mtu zinatolewa kwa polisi wenye barua ya mahakama. Chepchirchir hakumbembeleza. Alibaki amekaa pale, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kunung'unika, mpaka Nasim akatazama huku na huku akaiandika ile nambari. Alikawia. Ilimbidi ampigie mtu wa mitambo, wakaongea kwa sauti ya chini.

Kisha aliinama karibu. Ile laini ilikuwa imezimika tangu Januari, haijawahi kuwaka tena, ikaondolewa. Mwanzoni mwa Oktoba nambari ilitiwa katika kadi mpya, ikapelekwa kuuzwa kibandani Salgaa.

"Ilizimika tarehe gani?"

"Ishirini na sita. Saa mbili na dakika arobaini usiku."

"Ikiwa Salgaa."

Nasim alisita, kwa sababu hilo ndilo hasa hakutakiwa kulisema. "Hapana, mama. Ilikuwa imetoka Salgaa tangu saa kumi na moja. Ilikuwa inapita mnara baada ya mnara, polepole, kama mtu anayetembea kwa miguu. Wa mwisho ulioishika ni wa Kiamunyi, hapa karibu na mjini."

Kutoka Salgaa hadi Kiamunyi ni mwendo wa nusu siku, na yeye alikuwa ameukata kwa saa chache. Chepchirchir alishukuru, akachukua kadi yake, akatoka.

Mochari alimkuta mhudumu yule yule wa Februari. Walikuwa wamezikwa wiki mbili zilizopita. Wanne walikuwa wamejulikana kwa damu wakachukuliwa na jamaa zao. Saba waliobaki walitiwa shimo moja katika makaburi ya umma. Aliuliza kama walibakiza kitu cha kupimia, jino au unywele. Mhudumu alisema vilivyohifadhiwa ni vya wale waliopata jamaa wa kulinganisha nao, na kwamba orodha iliyotoka Subukia ilikuja na jina moja limefutwa.

Alipokuwa nje ya lango alitia kadi kwenye simu ya kuazima, akampigia Gathoni. Safari hii alijitambulisha kwa jina na kusema Gedion alikuwa nani.

"Pole, mathe," Gathoni akasema. "Tangu niwashe hii laini watu walikuwa wananipigia wakimtafuta. Nilichoka. Nilisema tu hivyo ili mniache."

"Na aliyekuwa anakohoa?"

"Bwana yangu."

Gathoni aliuliza kama anataka abadilishe laini, Chepchirchir akamwambia akae nayo tu.

Jumapili alisimama kanisani akasema yote, pamoja na lile alilokuwa ameficha, kwamba ni yeye aliyemwita. Watu walilia. Mchungaji aliomba sala ndefu. Nje, watu walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia kwamba Gedion alikuwa mtu mwema, na yule mwanamke aliyejua tangu mwanzo akasema hata yeye moyo wake ulikuwa unakataa. Kipkemei peke yake hakumshika mkono. Alisimama mbali, kofia mkononi, kisha akamjia.

"Nilikuwa na nauli, shemeji," alisema. "Siku ile ya baraza nilikuwa nayo mfukoni."

Chepchirchir alimwambia anajua. Tangu hapo wawili hao wakikutana njiani husalimiana na kupita, na mama yake Gedion hajafungulia mlango yeyote kati yao.

Ilibaki kumwambia Jepkemboi. Walikuwa wanapukuchua mahindi kibarazani, na Chepchirchir akamweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza: kwamba alikosea, kwamba baba hakuwakimbia, alikuwa anakuja nyumbani kwa miguu akauawa njiani. Mtoto alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akalitupa kwenye rundo, akachukua lingine.

"Kwa hivyo nimkumbuke tena?" aliuliza.

Mama yake alisema ndiyo. Jepkemboi alijaribu. Alikunja uso kama anayetafuta kitu kizito, kisha akasema sura inakuja, lakini sauti haiji.