Bati Nyuma ya Beringi

Mwankoko nzima ilimjua fundi Mazengo kwa mambo mawili: hashindwi na injini, na hafungi mdomo. Jumatatu ile mdomo ulijifunga wenyewe.

Alikuwa ameishusha injini ya Landrova ya mzee Andrea wa Mtinko, kaigeuza juu chini mezani, pistoni zimepangwa kwa namba juu ya gunia. Alipoinyanyua krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akakuta beringi iliyoushika katikati imeungua, nyeusi tii. Akaichokonoa kwa bisibisi. Ikatoka, na nyuma yake kikatoka kipande cha bati.

"Mama yangu wee!"

Kipande kile alikijua. Alikikata mwenyewe, kwa mkasi wake, kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, miaka sita iliyopita. Wakati ule beringi zilikuwa zimelegea, spea hazipatikani, na mzee Andrea kamsimamia kichwani: vitunguu vinaoza shambani, fundi, vinaoza! Basi Mazengo akatia bati nyuma ya beringi ili ibane, akalitoboa tundu oili ipite, akatangaza gari limepona. Limeponaje, hakusema. Sasa aliona mwenyewe: bati lilihama mahali pake, likaziba njia ya oili. Krenki ilikuwa ikizunguka kavu.

Miezi miwili tu baada ya kazi ile, Hosea, mtoto wa pekee wa mzee Andrea, alikuwa akilirudisha gari kutoka Sepuka. Injini ikakaba njiani, ikafa. Kijana akaapa kwamba oili ilikuwemo ya kutosha. Nani amsikilize? Mzee alisimama mbele ya ukoo akamwita mzembe na mwongo, aliyeua gari la baba yake kwa kuliendesha bila oili, na akamwambia asikanyage tena pale nyumbani. Hosea akamchukua mkewe Aneth, wakahamia Sepuka. Gari likafunikwa turubai, fundi yeyote asiliguse. Mpaka juzi, wanunuzi wa chuma chakavu walipoanza kulizengea, ndipo mzee akaliburuza hadi kwa Mazengo. "Lifufue," alisema. "Sitaki kufa nikiliona limelala."

Na miaka yote hiyo Mazengo alikuwa akijiambia, pengine si bati. Pengine kijana alizembea kweli. Pengine! Mtu anayetaka kulala usingizi hakosi pengine yake.

Gereji haikuwa na mtu. Shimo la takataka lilikuwa hatua kumi tu. Mazengo alilitazama lile shimo, akalitazama bati, mwisho akalitia mfukoni. Hakujua bado atalifanyia nini. Alichojua ni kwamba gari lile litawaka, hata kama itabidi alale njaa.

Krenki akaipeleka kwa mkerezaji wa vyuma, ikasuguliwa ikang'aa. Lakini krenki iliyosuguliwa inapungua, kwa hiyo inataka beringi nene kidogo kuliko za kawaida, na hapo ndipo ilipoanza kasheshe. Dodoma hakuna. Arusha wakamwambia gari kama hilo lipeleke makumbusho. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, jamaa alicheka kwenye simu mpaka salio la Mazengo likaisha. Akasikia kuna mzoga wa Landrova huko Mkalama. Akapanda pikipiki, akafika, akaukuta umegeuzwa banda la kuku. Akafukuza kuku, akajilaza kwenye kinyesi chao, akachungulia. Injini ilishang'olewa zamani. Mwenye kuku akamcheka.

"Cheka tu," Mazengo alisema, akijipangusa mgongo. "Mimi sikomi ng'o!"

Alhamisi asubuhi alikuwa amebakiwa na mlango mmoja, na mlango huo alikuwa akiukwepa tangu mwanzo. Mjini Singida, duka la mama Vimla, mjane wa mzee Ladha, siku hizi linauza sola na betri, lakini stoo ya nyuma imejaa spea za magari ambayo wengine wameshayasahau. Shida ni kwamba kwa mama Vimla, bila sampuli ya kifaa cha zamani, huondoki hata na nati moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mazengo. Sampuli?"

Mazengo akampa beringi iliyoungua, akamtajia na unene anaoutaka. Bati likabaki mfukoni. Mama Vimla akavaa miwani, akaigeuza beringi, akapitisha kidole mgongoni mwake taratibu.

"Hapa nyuma kulikuwa na kitu."

"Uchafu tu, mama."

"Uchafu gani una kona nne? Nauza spea tangu wewe hujazaliwa. Toa hiyo kitu."

Akalitoa. Mama Vimla akaliweka bati juu ya beringi, likakaa sawasawa kwenye alama yake. "Fundi gani aliweka hii?"

Mazengo alizitazama betri ukutani. "Mimi," akasema. Akashangaa kwamba hakufa.

Mama Vimla aliingia stoo, kigoda kikasikika kikiburutwa, vumbi likatoka hadi dukani. Alirudi na boksi lililoliwa na mende. Akapima kwa kipimo chake, akatikisa kichwa kukubali. Aina ile ile, ila nene kidogo, kama krenki inavyotaka.

"Iko seti moja tu. Mume wangu aliagiza, mteja hakurudi. Chukua. Na hii mbovu mrudishie mwenye gari, pamoja na bati yake."

"Mama, kijana wa watu alifukuzwa kwao kwa sababu ya hili bati."

"Sasa unangoja nini dukani kwangu?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Mazengo alikuwa ameyaficha miaka sita. Akapiga moyo konde, akawasha pikipiki, moja kwa moja hadi Mtinko.

Mzee Andrea alikuwa uani akipiga alizeti. Hata kabla ya kuuliza kama beringi zimepatikana, alinyoosha mkono apewe kile kifaa kibovu, maana hakuwahi kumwachia fundi spea yake yoyote. Mazengo akampa beringi na bati, akasema yote. Hakupamba wala hakujitetea.

"Alisema oili ilikuwemo," mzee alisema, akiligeuza bati kiganjani.

"Ilikuwemo, mzee. Mimi ndiye niliyeizibia njia."

Mzee akanyanyua fimbo. Mazengo hakusogea, alisema moyoni, na inishukie. Lakini fimbo ilielekezwa kwenye pikipiki. "Washa," mzee alisema. "Twende Sepuka."

Walimkuta Hosea nje ya nyumba yake, anatia mpini jembe. Alipomwona baba yake alisimama. "Shikamoo, baba," alisema bila kumtazama usoni.

"Marahaba." Mzee akamgeukia Mazengo. "Sema."

Mazengo akasema tena, mbele ya Aneth na majirani waliokwisha kusogea. Alipomaliza, mzee Andrea akavua kofia. "Nilikuonea, mwanangu. Nilikuonea mbele za watu. Nisamehe." Aneth akajifunika uso kwa khanga.

Hosea akalipokea lile bati mkononi mwa baba yake. "Fundi," akasema, "mama yangu alizikwa mimi nimesimama nyuma ya watu kama mpita njia."

Machozi yalimtoka Mazengo, akayaacha yatoke.

"Krenki imefikia wapi?" Hosea aliuliza.

"Imeshasuguliwa. Beringi hizi hapa. Kesho nafunga."

"Hufungi." Hosea aliingia ndani, akatoka na ovaroli begani. "Beringi nafunga mimi, kwa mkono wangu, baba akiona. Wewe utanipa spana."

Mazengo, fundi mkuu wa Mwankoko, aliinamisha kichwa. "Sawa, fundi," akasema. "Nitakupa spana."