Maji ya Kwanza ya Shati la Koplo

Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mong'ina alikuwa akianua nguo za polisi kwenye kamba iliyofungwa kati ya mparachichi na nguzo ya stima, nyuma ya kituo cha Rianyabuto. Jua lilikuwa limeegemea vilima vya chai, na Sabato haingoji mtu. Katika miaka kumi na mmoja aliyowafulia askari wa kituo kile, hakuna Jumamosi iliyowahi kuukuta mkono wake ndani ya beseni.

Tangu masika ya mwaka ule, mashati ya askari yalikuwa yakitoa yale yaliyoyaona. Shati lilipotiwa majini, kabla ya sabuni, vumbi lilijitenga, na maji ya kwanza yakaonyesha kila kilichopita mbele ya shati siku ile, kimya kimya, kwa taratibu, hata mwisho. Kisha yakaanza tena. Yakimwagwa, yamekwisha. Wa kwanza kunufaika alikuwa Inspekta, mkuu wa kituo. Alipoteza miwani, akaomba shati lake la Jumanne lirowekwe, akaiona miwani ikisahaulika juu ya meza ya kinyozi kule Keumbu, akatuma mtu akaichukua. Katika baraza la wiki iliyofuata wakulima walitaka kujua ni lini polisi watavaa kamera vifuani kama walivyoahidiwa. Inspekta aliwaambia kamera ziko njiani, na kwa sasa mashati yanatosha. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Askari nao walijiwekea desturi. Aliyekuwa na siku njema husema, "Mama, leo nimekuwa malaika, angalia tu." Asiyekuwa nayo husema, "Mwaga maji ya kwanza." Mong'ina alimwaga bila kutazama. Riziki yake ilikuwa humo, na siri ya mtu, kama alivyolelewa, ni amana.

Jioni ile, akiwa amekwisha kuyafunika mabeseni yote isipokuwa moja, alikuja koplo aliyehamishiwa hapo mwezi uliotangulia, shati mkononi, fulana imemganda mwilini kwa jasho.

"Mama, hii fua saa hii. Na umwage maji ya kwanza."

"Afande, jua imeingia. Mimi ni Msabato. Rudi Jumapili."

"Kumwaga tu ndio dhambi?"

"Kumwaga ni kazi."

Koplo alicheka, akalitumbukiza shati mwenyewe katika beseni la buluu, akaenda zake. Alikuwa ametoka mahali ambako raia akiambiwa na polisi amwage, humwaga. Mong'ina alilitambua shati kabla halijazama. Wiki mbili nyuma lilichanwa na seng'enge kwenye mfuko wa kushoto, naye akalishona kwa uzi wa zambarau uliosalia katika sare za kwaya, maana wa buluu ulikuwa umemwishia. Koplo alipolalamika, Mong'ina alimwambia uzi ni uzi.

Kesho yake kanisani kwaya iliimba bila besi. Nyasani, mwana wa pekee wa Mong'ina, fundi wa milango kule Keroka, hakuwapo.

"Besi yako imelala Keroka," Nyangate, mwalimu wa kwaya, alimtania. "Labda imepata wa kuipikia."

"Ikimpata imlete. Mimi nimechoka na hiyo sufuria," alijibu Mong'ina, na watu wakacheka.

Ijumaa ile vijana waliochoshwa na mashimo walikuwa wameifunga barabara kwa mawe, magari hayakupita, na halikuwa jambo geni mtu kulala alikofanyia kazi.

Jumapili, jua lilipochomoza, alilirudia beseni la buluu. Hakukusudia kutazama. Lakini maji yaliyokaa siku nzima bila kuguswa yalikuwa yametulia yakawa kioo, na alipoinama kuushika ukosi wa shati alimwona mwanawe.

Nyasani alikuwa amesimama kwenye njia ya mkato, chini ya banda la kununulia majani ya chai, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Aliinua mikono yote miwili, na viatu vikapanda nayo. Kisha akakitazama kifua cha koplo, uso ukamkunjuka kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Mkono usio na viatu ukashuka polepole, kidole kikanyooka, kikasogea hata kikalijaza beseni. Midomo ilisema neno. Maji hayakuwa na sauti, ila mama aliyemfunza mtoto kusema haihitaji. Alisema: Huo uzi ni wa mama yangu.

Maji yakatikisika mara moja, kama kifua cha mtu aliyefyatua bunduki. Kisha tope. Kisha mikono ya koplo ikishika vifundo viwili vya miguu, ikivuta, mpaka mtaroni. Kisha viatu, vikitupwa kimoja kimoja. Kisha michai, ikipita upesi. Kisha Mong'ina mwenyewe, jioni ya Ijumaa, akisema kumwaga ni kazi.

Maji yakaanza tena.

Alilifunika beseni, akajifunga leso kiunoni, akaenda mtaroni. Alimkuta. Alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa, akavipanga viatu ubavuni mwake, akarudi kituoni.

"Magdaline," alimwambia konstebo wa zamu, binti wa upande wa ziwa aliyemzoea kama mzazi, "andika. Mwanangu yuko kwa mtaro. Na mwenye alimuua yuko ndani ya maji yangu."

Magdaline alitazama mzunguko mmoja mzima. Akaandika, na mwandiko ulitetemeka hadi mwisho wa ukurasa.

Inspekta aliletewa kiti. Alitazama mara tatu, miwani ikimteleza puani.

"Niandikie tu kwamba hakukosa kitu," alisema Mong'ina. "Sitaki kingine. Nikimzika, nimzike na jina lake safi."

Koplo aliitwa. Aliinama juu ya beseni kuliko wote. Rangi ilimtoka usoni. Baada ya kitambo ikarudi.

"Mkubwa," alisema kwa upole, "angalia huo mkono."

Wote wakauangalia mkono.

"Unakuja kwa bunduki."

"Bunduki ilikuwa bega ile ingine," alisema Magdaline.

Inspekta alifikiri. "Shati haioni bega," alisema.

"Anasema uzi ni wa mama yake," alisema Mong'ina.

"Maji haina sauti, mama," Inspekta alimjibu.

Katika kitabu cha kituo, chini ya mwandiko uliotetemeka, iliongezwa sentensi moja kwa mwandiko ulionyooka: marehemu alijaribu kunyang'anya bunduki. Nyasani alizikwa upande wa kulia wa nyumba, na sentensi ile ikazikwa naye.

Beseni lilifikishwa mahakamani pamoja na maji yake, kielelezo namba moja. Hakuna aliyeukana ukweli wake. Aliyelisifu zaidi ni wakili wa koplo: alisema hilo ni jicho lisilo chuki wala upendeleo, nalo limeuona mkono. Hakimu aliagiza rula, akaupima ukaribu wa kidole, akaridhika kwamba askari yeyote angeingiwa na hofu. Kwa habari ya mtaro, koplo alipewa onyo kwa maandishi. Beseni likarudishwa kwa mwenyewe, na karani akamsihi asilimwage njiani.

Mong'ina aliliweka chini ya kitanda. Humo Nyasani aliinua mikono, akashusha mmoja, akanyoosha kidole, mchana kutwa.

Mwezi wa Novemba kamera zilifika. Kila askari alionyeshwa kitufe cha kuwasha, kisha akaonyeshwa cha kuzima. Ilionekana mashati hayana pa kuzishikia, basi Inspekta akayapeleka yote kumi na manne kwa Mong'ina, ashone kishikizo juu ya mfuko wa kushoto. Magdaline alimletea kigurudumu cha uzi wa zambarau kutoka kwa Nyangate. Uzi ulikuwa umebaki mwingi. Mong'ina alishukuru, akakirudisha. Alikwenda Keroka, akapita duka baada ya duka, akitoa kila uzi nje kwenye mwanga na kuulaza juu ya kitambaa, hata alipoupata ule uliopotea machoni. Katika shati la koplo aliufumua kwanza ule wa zambarau, akaushona mfuko upya.

Koplo alikuja mwenyewe kulichukua la kwake.

"Eti ulienda mpaka Keroka? Si wewe uliniambia uzi ni uzi?"

"Kuna watoto wa watu wanapita hiyo njia, afande," alisema Mong'ina.

Alilibeba shati mpaka mlangoni, akaligeuzageuza juani, akiutafuta mshono wake. Hakuuona. Akalikunja, akampa.