Chumba Kinachong'aa

"Harufu si ugonjwa, shemeji. Ikiisha, imeisha."

"Haijaisha. Umeipulizia marashi."

Mume wa dada yangu alicheka tu, chupa ya marashi bado mkononi. Chumba cha mtoto alikipaka rangi ya mafuta mwenyewe, kuta zote mpaka dari, eti king'ae wageni wakione kutoka sebuleni. Nilikuwa nimemletea rangi ya maji, isiyo na sumu wala harufu kali. Ndoo iko uani mpaka leo, kuku wameifanya kiti. Alisema hiyo ni rangi ya vyoo vya shule.

"Mtoto ana kifua," nikamwambia. "Jana kakohoa mpaka katapika."

"Watoto wote wanakohoa. Wewe ulikohoa, ukakua, ona mdomo ulio nao."

Akaingia chumbani kunionyesha kwamba harufu haina neno. Alifunga dirisha ili vumbi lisishike ukutani, akatanua kifua kama jogoo, akavuta pumzi ndefu. Ya pili ilimshinda. Machozi yakamtoka, akakohoa huku kajishikiza ukutani, na kiganja kikaacha alama, maana rangi ilikuwa bado inanata.

Nikadhani sasa amekubali. Jamaa akatoa leso, akaanza kufuta. Hakufuta macho, alifuta ukuta.

Dada alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Alimtazama mumewe anavyosugua, kisha akaingia, akachukua godoro dogo la mtoto, akageuka, akaenda nalo sebuleni, huko huko kwa wageni.