Mti wa Avoka wa kina Fortunée

Katika somo la uraia, Fortunée alikariri kwamba kila Mkongo ana haki ya kukaa popote nchini mwake. Darasa likampigia makofi.

Wivu ukamkaba Daniella, mwanafunzi mwenzake. Jibu lilikuwa lake, yeye ambaye kwao haki hiyo ilivunjwa! Kaku wake, yaani bibi yake, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai, alifukuzwa hapa Likasi kwa sababu ya asili hiyo, akalala stesheni akingoja treni, nyumba yake akawaachia wengine. Familia yake ilirudi mjini baadaye, lakini leo wanakaa humo kina Fortunée.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mumuulize: ule muti wa avoka wa kwabo, nani alipandaka?"

"Ile haiko mu somo. Ikala!" Mwalimu akamwamuru akae.

"Uko na wivu tu," Fortunée akanong'ona.

"Ndiyo, miye niko nayo! Kaku yangu alipanda, munakula ninyi, na makofi tena ni yako?"