Kengele Iliyokataliwa

Debuli alipanda ngazi zote za hekalu la Golu bila kupumzika, maana hasira ina miguu yake. Mkononi alishika shtaka, karatasi yenye muhuri, kama wafanyavyo watu wa milima ile wakichoshwa na mabaraza ya wanadamu. Unamwandikia Golu, mungu wa haki, unaifunga karatasi katikati ya kengele za watu, unangoja. Ukipata haki yako, unarudi kutundika kengele ya shukrani.

Shemeji yake Kundan, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameziba mfereji kwa mawe. Siku ya tisa hiyo, mpunga wa Debuli unakauka, wa Kundan unacheza na upepo. Baraza la kijiji lilisikiliza, likanywa chai ya Kundan, likampa Kundan maji.

Kufika juu, akamkuta nani? Kundan huyohuyo, nywele zinang'aa mafuta, kabeba kengele ya shaba kubwa kama sufuria ya harusi.

"Aa, shemeji! Umekuja kuniombea?"

"Nimekuja kukushtaki, mwizi wa maji we! Hiyo kengele ya nini?"

"Ya shukrani. Si nimeshinda kesi?"

"Umeshinda kwa chai!"

Wanawake waliokuwa wakivua viatu wakasahau kuvua. Waliokwisha kuteremka wakarudi. Nani akose hayo?

Kuhani Lilambar alitoka ndani amekunja uso. "Kundan, desturi waijua. Igonge, utaje ulichopewa, uape ni haki yako. Ndipo tuitundike."

Kundan akanywea. Miaka yote alidhani wanaoapa ni wenye mashtaka tu. Na ukimwapia Golu uongo, nyumba yako haina usalama tena. Hilo hata mtoto wa kunyonya analijua huko.

"Apa basi," Debuli akamsogelea. "Sema maji yote ni yako. Sema kaka yako hakuuchimba ule mfereji mpaka viganja vikatoka damu. Sema, hawa kina mama wana masikio!"

"Koo limenikauka..."

"Kama mpunga wangu?"

Mtu akacheka. Kundan akaushika ulimi wa kengele, akauachia. "Basi, mfereji nitaufungua kesho."

"Kesho ipi? Leo! Na mimi nyuma yako."

"Na kengele yako uende nayo," akasema kuhani. "Isiyo na kiapo hailali hapa."

Debuli alilifunga shtaka lake kwanza, mafundo mawili. Wakateremka. Kila hatua kengele inalia, kila nyumba watu wanatoka. "Kundan, mbona kengele inarudi?" Akajibu Debuli, nyumba baada ya nyumba, wala sauti hakuipunguza.

Mferejini Kundan aliitua kengele topeni, akang'oa mawe kwa mikono mitupu. Maji yakaja mekundu kwa udongo, yakapita kati ya miguu yao.

Debuli hakutabasamu. "Na lile jiwe la chini," akasema.