Maji ya Baraka ya Mama Buppha

Mvua ya mwaka huu nusura initie wazimu. Inanyesha, inapumzika kidogo, unadhani imechoka, kumbe inavuta pumzi tu. Shamba letu la maua ya okidi hapa Nakhon Pathom lililowa mpaka uozo mweusi ukaingia. Asubuhi jani lina doa, jioni ukiligusa linadondoka. Nikawa silali, sikai, chakula hakipiti. Kutwa nazunguka na kisu na kiberiti cha gesi: nakata jani, napaka dawa, nakiunguza kisu, nakata jingine.

Mengine yangeoza nisingelia. Roho yangu ilikuwa kwenye shina moja, la marehemu baba mkwe. Alilizalisha mwenyewe, ua jeupe lenye mdomo wa zambarau, akakataa kuligawa hadi anakufa. Halina mwenzake popote. Likifa hilo, mkono wa Baba umepotea shambani.

Kilichonichanganya ni kwamba uozo haukufuata mahali panapovuja. Ulifuata njia ya mbao inayopita kati ya meza za maua, meza hadi meza, kama mtu anayetembea.

Mama Buppha, mama mkwe wangu, alikuwa ananicheka. "Rampha, hiyo dawa yako inanuka kama soksi za Kasem! Ua gani litapona kwa harufu hiyo?"

"Mama, soksi za mwanao zingekuwa dawa, tungeshauza duniani kote!"

Basi siku ya ibada nikamwona. Katoka hekaluni na bakuli la maji yaliyoombewa na watawa, na kishada cha majani. Anachovya, ananyunyiza, anayapapasa majani kwa kile kishada, anachovya tena humo humo. Alianzia meza yenye maua yaliyooza kuliko yote. Alimalizia kwa shina la Baba, akalinong'oneza kitu.

Lo! Damu ilinichemka. Nikamkimbilia mume wangu.

"Kasem, ni mama yako! Ndiye anayeusambaza!"

Akainamisha kichwa. "Sasa utamwambiaje mama kwamba maji ya baraka yanaua? Mwache."

Mwache! Na mimi, kwa uoga wangu, nikamwacha. Mkubwa haambiwi wazi kwetu, unazungukazunguka. Nikamwambia, "Mama, leo maua yameshiba maji." Akasema, "Maji haya hayashibishi mwili, mwanangu." Nikaficha bakuli. Akachukua la wali. Kila akishika kishada mimi naishia kuchekacheka kama mjinga.

Asubuhi moja nikakuta doa jeusi kwenye shina la Baba, chini kabisa, kwenye chipukizi. Mama naye huyo anakuja na maji yake.

"Mama, simama hapo hapo!" Nilipiga kelele mpaka Kasem akatoka mbio. "Usiliguse! Ugonjwa unaogelea kwenye maji. Unaanza na yaliyooza, unauchukua kwa majani hayo, unakuja kumpa Baba! Ni mkono wako, Mama!"

Kasem akasema, "Rampha!" kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama alitazama bakuli. Akageuka akatazama njia ya mbao, meza hadi meza, zote alizopita.

"Wagonjwa ndio huanza kuombewa," alisema taratibu. "Nilitaka yeye apate ya mwisho, baraka za wote zikiwa zimeshaingia."

Nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema.

Akachuchumaa, akalimwaga lile bakuli chini polepole, akitaja jina la mumewe, kama tunavyowamwagia wafu maji kuwapelekea baraka. Alipoinuka nikampa kisu, maana shina ni la mumewe na nilidhani ni haki yake. Upande wa pili palikuwa na vichipukizi viwili bado vya kijani, vyenye mizizi. Vingetengwa leo au visingetengwa kabisa.

Akarudi nyuma, akaificha mikono mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Kata wewe, mwanangu. Yangu imelowa."

Nikaunguza kisu, nikakata. Vile vichipukizi nimevitundika ukumbini, pakavu. Kimoja kimekufa. Kila asubuhi Mama huja mpaka mlangoni, haingii, ananiuliza mumewe ameamkaje.